Picha za Katikati

Uvumi ule Fumie aliusikia sokoni Noshiro akipasua samaki, nao ukamganda kama magamba kwenye kucha: eti watoto wanaokwenda Tokyo kuchora katuni huishiwa mwendo.

"Wako sina wasiwasi naye, mama Chizuru," alisema Kiyo, muuza kaa wa meza ya pili. "Tangu mdogo ni mvivu wa kutembea. Nani atajua tofauti?"

Fumie alicheka pamoja na wenzake. Kesho yake alifunga figili zilizokaushwa kwa moshi kwenye kitambaa, akapanda treni kwenda Tokyo.

Chizuru alifungua mlango wa chumba chake. Kisha alikuwa ameketi mezani. Hapo katikati hakupita. Kikombe kilikuwa juu ya meza, kisha kilikuwa mdomoni. Fumie alikata figili, akauliza kama anakula vizuri.

"Nakula, mama. Usianze."

"Huo mwendo umekuishia lini?"

"Theluji ilipoyeyuka."

Chizuru alimweleza huku akitafuna. Filamu huanza na wazo la mwongozaji. Hadithi nzima huchorwa kwanza katika visanduku vidogo. Halafu mabingwa huchora mwanzo wa kila kitendo na mwisho wake: msichana kaketi, msichana kasimama. Yaliyo kati ya hapo huachiwa wachanga kama yeye. Ili kuinuka kuwe kuinuka kweli, Chizuru huinuka mbele ya kioo, akalitazama goti lake, akalichora. Kila mwendo aliouchora haukumrudia. Baada yake huja watu wa rangi, wa sauti na wa muziki.

"Na mwenye wazo, yeye kaishiwa nini?"

"Yeye kaongezeka, mama. Siku hizi anatembea kwa madaha."

Fumie alikwenda studio. Msimamizi, Bwana Kuwabara, alimkaribisha kwa chai. Fumie akainama, akampa figili zilizobaki, akamshukuru kwa kumlea mwanawe, maana ndivyo mzazi anavyoanza. Hapo ndipo alipokosea. Ukishamshukuru mtu, utamtukana kwa mdomo upi?

"Mwanangu hana mwendo," alisema.

"Ndiyo, kafika hatua hiyo. Binti hodari sana," alisema Kuwabara. "Wala hachelewi kazini. Yuko kitandani, kisha yuko hapa."

Nyuma yake vijana waliinamia meza. Karatasi zilikuwa tupu, kisha zilikuwa zimejaa.

"Mrudishie."

"Nirudishe nini, mama? Michoro imeshapakwa rangi."

Kuwabara alimwongezea chai, akasifu figili.

Filamu ilipokamilika, Fumie alirudi Tokyo, na mama na mwana wakaenda kuitazama. Msichana wa kwenye picha aliinuka sakafuni: mkono juu ya goti, akasita nusu, akasukuma nywele kwa kifundo cha mkono, ndipo akasimama. Hivyo ndivyo Chizuru alivyoinuka tangu alipojifunza kusimama, akishikilia aproni ya mama yake. Watu walilia.

"Tazama mwendo huo," alinong'ona mwanamke wa kiti cha nyuma. "Utadhani mtu kweli!"

"Ni mtu kweli," alisema Fumie bila kugeuka.

"Shii!"

Stesheni Fumie alimwambia, "Twende nyumbani, mwanangu."

"Siwezi, mama. Mwongozaji kapata wazo jingine."

Fumie alimfungulia mikono. Chizuru alikuwa mbele yake, kisha alikuwa ameshakumbatiwa. Kifuani Fumie hakupata joto lolote. Alipanda treni, akakaa na hasira yake mpaka Noshiro, nayo haikupungua hata kituo kimoja.

Filamu ilisifiwa kila mahali. Mwaka huo shule ya mji ikatoa wachoraji wengine, nao wakaanza kufunga mizigo. Fumie aliwapitia mlango kwa mlango, na mikono yake bado inanuka samaki, akawaambia haya:

Usijitazame kwenye kioo cha studio.

Usichore unavyocheka.

Usichore unavyopanda ngazi za kwenu.

Usifurahie kusifiwa kwamba hukawii.

Usimwache mama yako ashukuru kabla hajakuona ukitembea.

Wakikupa watu wanaokumbatiana, usichore. Sema mkono unauma.