Jina Moja Kwenye Hati

Nakutegea kitendawili, na usimwangalie jirani yako akusaidie: kidogo, kigumu, hakina mdomo, lakini kikisema neno moja umefungwa miaka thelathini. Umeshindwa? Basi nipe mji. Mji wenyewe uwe na bustani, maana mimi ni mzee. Haya, ni nyundo ya mnadani.

Huku kwetu Melbourne nyumba huuzwa barabarani, Jumamosi, majirani wametoka na vikombe vya kahawa kuchungulia. Nyundo ikigonga, umenunua, na mkopo utaulipa miaka thelathini. Hakuna cha ngoja kwanza nikaulize benki.

Mjukuu wangu Trajan na mkewe Yanira walikuwa wakiishi kwangu. Yanira katoka Kolombia, na viza yake ni ya muda, ile ya mke anayedhaminiwa na mumewe. Siku moja waligombana, ugomvi wenyewe wa vyombo tu, nikamsikia Trajan akisema, "Nikiandika barua moja tu kwa uhamiaji, unarudi kwenu." Halafu akacheka. Yanira hakucheka. Tangu siku hiyo alitembea nyumbani mwangu kama mgeni, akifunga milango polepole.

Walitaka kununua nyumba yao, na pesa za kianzio zilikuwa za Yanira zote. Nusu alizipata kwa kusafisha maofisi, nusu mama yake aliuza kiwanja huko kwao. Lakini Trajan alisema benki haimtaki mtu wa viza ya muda, kwa hiyo mkopo na hati ya nyumba vitakuwa na jina lake peke yake. Kila mara wakala aliyemtafutia mkopo alipopiga simu, Trajan alitoka uani na kufunga mlango wa kioo. Mimi nilikanda unga wangu wa burek, ule mkate wetu wa nyama, huku nikiutazama mgongo wake. Sikuupenda mgongo ule.

Asubuhi ya mnada Yanira hakugusa chakula.

"Trajan," alisema, "benki ndiyo iliyonikataa, au ni wewe?"

Trajan alichukua funguo, akanigeukia mimi. "Bibi, umevaa kama unaenda harusini. Twende, tutachelewa."

"Nimekuuliza, mume wangu."

"Nawasha gari."

Tukaondoka. Yanira alikaa nyuma nami, nikamshika mkono. Ulikuwa baridi kama samaki.

Nyumba ilikuwa ya matofali mekundu, na mti wa ndimu mbele. Tulipoingia kuikagua, Trajan alipima kwa hatua chumba cha mbele akasema, "Hapa ofisi yangu." Akapima cha nyuma: "Hapa mama yangu atakuja kukaa." Kile cha tatu alikipita bila neno.

Nje, bwana mmoja mwenye mbwa alinikonyeza. "Wewe nawe unanunua, mama?"

"Nimekuja kuona wajinga wanavyofilisika," nikamwambia. "Na wewe je?"

"Mimi ninakaa ng'ambo ya barabara. Nimekuja kuwaona haohao."

Dalali alianza kupiga kelele. Mkono wa Trajan ukapanda, ukashuka, ukapanda tena. Mama mmoja wa kilemba alishindana naye hadi mumewe akamvuta kiwiko. Nilitamani mama yule asikubali kuvutwa. Alikubali.

"Mara ya kwanza! Mara ya pili!"

Nyundo ikagonga. Watu wakapiga makofi. Yanira akaruka kidogo kama aliyechomwa sindano.

Tukaingizwa jikoni. Dalali akaweka mkataba mezani, akafungua kalamu. "Hongereni sana. Kianzio kinalipwa sasa hivi. Na mnunuzi niandike nani? Mmoja au wawili?"

"Mmoja," Trajan alisema. "Mke wangu atakutumia pesa."

Yanira alikuwa ameshika simu, ukurasa wa benki umeshafunguliwa. Akaiweka mezani, kioo chini.

"Yanira, nyundo imeshagonga," Trajan akanong'ona. "Usipotuma watanishtaki mimi. Bonyeza, mpenzi."

"Asubuhi nilikuuliza kitu."

"Si hapa, mbele ya watu!"

"Hapahapa. Bibi yako asikie."

Dalali akajifanya anatazama ndimu dirishani. Trajan akanigeukia, macho ya kuomba, kama alivyokuwa akinigeukia utotoni akitaka nimwombee kwa baba yake. Nikatikisa kichwa. Jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Benki ilikubali majina yote mawili," alisema. "Niliyekataa ni mimi."