Pumzi ya Don Ercolino

Siku ya pili ya kurekodi, Fulgenzio Marzadori aliketi safu ya saba ya ukumbi mtupu, kofia magotini, akimsikiliza binti wa Molfetta akizipanda nota za juu kana kwamba anakwea ngazi za nyumbani kwao. Usoni mwa mzee ilikuwapo sura ya mtu aliyekaribishwa divai akaonjeshwa siki.

"Wamemkamata ndege wakamvisha gauni," alimwambia Wilma Pederzoli, fundi wa sauti, aliyekuwa ameinama kukaza kiguu cha maikrofoni. "Muulize hayo anayoyaimba yana maana gani. Atakujibu twi-twi-twi."

Wilma alikuwa mwanamke wa Modena, mtu wa maneno machache. Hakuinua kichwa. "Ndege au si ndege, Maestro, tangu asubuhi hajakosea hata mara moja."

"Cherehani nayo haikosei."

Kwa miaka arobaini Marzadori alikuwa ameimba wazee wapumbavu wa opera za kuchekesha: walezi wenye wivu, waganga wa uongo, mabahili wanaoibiwa mabinti mchana kweupe. Sauti yake nzito ilikuwa nzuri, lakini besi nzuri zilikuwa nyingi. Kilichomtenga na wenzake ni ulimi. Maneno yalimtoka mbio kama mvua ya mawe juu ya bati, na kila jiwe likasikika peke yake. Mjini Parma, ambako watazamaji wa viti vya juu huwazomea waimbaji mpaka wengine wakaacha kazi, walisimama wakampigia makofi. Tangu siku hiyo dharau ilimkaa mwilini kama koti aliloshonewa kwa kipimo. Aliwadharau watenori, waimbaji wa kiume wa nota za juu, waliopewa sauti mahali pa akili. Aliwadharau waongozaji wa okestra, waliopunga fimbo na kudhani ndiyo inayotoa muziki. Waliomtia kichefuchefu hasa ni waimbaji wa nakshi, hasa wanawake, ambao wakipewa nota moja huigeuza ishirini, maneno yakafukiwa chini ya mapambo kama maiti chini ya maua.

Opera iliyowakutanisha pale Montefalbo iliitwa *Mlezi wa Piacenza*. Ilikuwa imelala kwenye sanduku la kanisa karibu miaka mia mbili, na mtunzi wake hakukumbukwa hata mtaani alikozaliwa. Marzadori aliikubali kwa ajili ya dueti moja, wimbo wa watu wawili, katika sehemu ya pili. Humo Don Ercolino, mlezi mzee, anamfumania Dorina, binti aliyekabidhiwa amlee, akitoka dirishani na barua ya mpenzi kifuani. Anamkaripia kwa mkondo wa maneno usio na kituo, na binti anamjibu huku mguu mmoja tayari uko nje. Hapana aliyewahi kuirekodi. Marzadori angekuwa wa kwanza, na akiwa na miaka sitini na saba, alijua hiyo ingekuwa rekodi yake ya mwisho.

Jambo ambalo hakumwambia mtu ni kwamba mwezi Februari nimonia ilimlaza wiki sita mjini Bologna. Ilipoondoka ilimwachia sauti yake nzima, lakini ikaondoka na nusu ya pumzi, kama mgeni anayetoka na mwavuli wa mwenyeji.

Saa nne wakaanza dueti. Ilenia Scardigno, yule binti wa Molfetta, alisimama mkono wake wa kushoto, hatua mbili tu, shali imezungushwa shingoni, macho hayako kwenye kitabu cha nota. Okestra ikaingia, Marzadori akafungua kinywa, na yale mawe yakaanza kunyesha. Alijisikia vizuri. Lakini kabla hajamaliza sentensi ya tatu, binti akaingia juu yake na mteremko wa nota ambao haukuandikwa popote. Akatoka. Mzee akaendelea. Akaingia tena, safari hii kwa mtetemo mrefu wa sauti kama kengele ya mbuzi anayeshuka mlima. Kila alipojenga ukuta wa maneno, huyu hapa, anaupaka rangi kabla haujakauka!

Walipomaliza, hakungoja. Alimwendea Tancredi Bossaglia, mwongozaji wa okestra, kijana wa miaka thelathini na minne mwenye nywele nyingi.

"Maestro Bossaglia, tunarekodi opera au tunauza kasuku?"

"Sijakuelewa, Maestro."

"Hizo nakshi. Mtunzi ameziandika wapi? Nionyeshe kwa kidole."

"Kwa desturi ya wakati ule mwimbaji aliruhusiwa kuongeza..."

"Desturi ya wakati ule watu walikuwa wakinyolewa na mganga wa meno. Nataka nota zilizoandikwa. Zangu na zake."

Bossaglia alitazama mikono yake, kama alivyozoea kila alipoogopa. Kisha akamgeukia binti. "Signorina Scardigno, tuirudie bila mapambo. Kama ilivyoandikwa."

Ilenia hakumtazama yeye. Alimtazama mzee, taratibu, kuanzia mabegani hadi usoni. "Una hakika, Maestro?"

"Binti, nilikuwa na hakika kabla mama yako hajavunja ungo."

Wapiga fidla wawili wakacheka. Ilenia akainua bega moja. "Haya," alisema. "Ni wewe uliyetaka."

Wakairudia. Binti aliimba nota zake tupu, safi, kisha akanyamaza mahali pa kunyamaza. Marzadori aliona ukumbi umepanuka ghafla. Mara mbili alihisi sakafu imemkimbia, lakini akaikanyaga tena na kuendelea, na mwishoni akakohoa kidogo kwenye kitambaa. Bossaglia akasema, "Vizuri sana," bila kuinua macho. Wapiga fidla hawakucheka tena. Mmoja wao alikuwa akishughulika na upinde wake, jambo ambalo mpiga fidla hulifanya anapotaka kutokuwapo.

Wengine walipokwenda kula, mzee alipanda hadi chumba cha kuvalia ambacho Wilma alikigeuza kuwa cha mitambo. Alitaka kusikiliza zote mbili. Kwa mkataba wake yeye ndiye angechagua.

"Anza na ile safi," alisema, akajitupa kitini.

Wilma akabonyeza. Dueti ikaanza, na Marzadori akamsikia mzee mmoja. Si Don Ercolino. Mzee tu, kama wale wanaosimama katikati ya ngazi na kujifanya wanatafuta funguo mfukoni. Maneno yalitoka haraka, yakafika ukingoni, kisha pakawa na shimo, na ndani ya shimo pumzi iliyovutwa kwa kelele kama mlango usiotiwa mafuta. Tena maneno. Tena shimo. Mwishoni, baada ya mdundo wa kumalizia, kulisikika mhemo uliofuatwa na kikohozi. Kwa dakika nzima alimdharau mtu yule kwa ukamilifu, kama alivyowadharau wengi, kabla dharau haijageuka njiani na kumrudia.

"Ile nyingine," alisema.

Katika ile nyingine alikuwa Marzadori wa Parma. Hapakuwa na shimo. Mawe yalinyesha toka mwanzo hadi mwisho, na juu yake binti akiteleza, akitetema, akicheka kwa sauti.

"Rudisha. Hapo. Tena hapo."

Alisikiliza akiwa amefumba macho, akahesabu kwa vidole. Mara kumi na moja alikuwa ameishiwa pumzi, na mara zote kumi na moja binti alikuwapo. Hakuingia juu ya maneno yake hata mara moja. Aliingia pale tu maneno yalipokwisha, akalifunika shimo kwa nakshi, na mzee alipopata hewa akamwachia njia. Nakshi zenyewe, sasa aliposikia kwa masikio badala ya kiburi, hazikuwa twi-twi-twi. Nyingine ilikuwa nota kumi na sita, zilizopangwa kwa pumzi ya nusu sekunde, na ndani yake Dorina alikuwa akimwigiza mlezi wake kwa kejeli, silabi kwa silabi. Katika maisha yake yote hakuwa amesikia ufundi kama huo ukifanyika karibu naye hivyo.

"Ulijua?" alimuuliza Wilma.

"Kazi yangu ni kusikia."

"Na Bossaglia?"

"Huyo anatazama mikono yake."

Alimkuta Ilenia kwenye ngazi za nyuma, katika ukungu wa Novemba, akila mkate wenye soseji ya mortadela. Binti hakusimama.

"Kwa nini hukuniambia?" Marzadori alisema.

"Kukwambia nini?"

"Unajua."

"Ningekwambia kama nani? Tangu Jumatatu hujaniita kwa jina." Aling'ata mkate, akatafuna bila haraka. "Ndege. Cherehani. Kasuku. Ukumbi ule una mwangwi, Maestro. Ukinong'ona safu ya saba, jukwaani tunasikia."

"Ulinionea huruma."

Hapo binti alicheka, na kicheko chake hakikuwa na asali. "Huruma? Usijipe makuu. Dueti ni ya watu wawili. Ukizama unanivuta mguu, na jina langu nalo litaandikwa kwenye kasha la rekodi. Nilijiokoa mimi. Wewe ulikuwa kwenye mashua ileile tu."



"Mwalimu wangu wa kwanza, kule Bari," Ilenia akaendelea, "alinifungia ndani na rekodi zako mwaka mzima. Alisema, huyu ndiye atakayekufundisha kwamba neno nalo ni muziki. Nilikuja hapa nimefurahi kama mwali. Siku ya kwanza nikakusikia ukimtukana mpiga selo mbele ya watu, mwanamke wa watu, kwa kosa ambalo ni lako. Nikasema, kumbe. Mdomo ndio mkubwa, mwenyewe mdogo."

"Ulijuaje mahali nitakapovuta pumzi?" Marzadori aliuliza. "Mimi mwenyewe sikujua."

"Mabega. Unayainua kabla."

Lilikuwa kosa la mwanafunzi wa mwezi wa kwanza. Alikuwa amewafukuza watu darasani kwa kosa hilo, akiwaambia wakabebe magunia sokoni, huko ndiko mabega hutakiwa. Alilitafuta neno la kumrudishia binti. Hakuwahi kukosa neno maishani. Hata sasa yalikuja mengi, makali, yamenolewa pande zote mbili, ila kila alilolishika alikuta makali yamemwelekea yeye.

Akaketi kwenye ngazi, si karibu sana. Ukungu ulikuwa ukimlowanisha kofia. Alitoa kitabu cha nota ndani ya koti, kisha penseli. Kurasa zake zilikuwa tupu; alijivunia kutoandika alama, maana kitabu cha nota, alisema, si daftari la dobi.

"Nionyeshe, Scardigno," alisema.

"Nini?"

"Unapoingia. Ili nisiinue mabega."

Binti alimtazama kana kwamba anatafuta mtego. Kisha akafuta vidole kwenye karatasi ya mkate, akavuta kitabu. "Ukurasa wa tisini na mbili. Hapa ukifika kwenye neno 'jogoo' usingoje uishiwe. Vuta mapema, mimi nitakuwa nimeingia."

"Kwenye 'jogoo' siwezi. Neno litapoteza mkia."

"Basi baada ya 'jogoo'. Lakini usivute kama unayekunywa supu."

Akaandika. Wakabishana juu ya ukurasa wa tisini na tatu, wakabishana zaidi juu ya tisini na nne, na mara mbili binti alimwita mkaidi usoni bila kutafuta neno la heshima la kulifunika. Walipofika mahali pa mwisho, mzee akaweka penseli juu ya mstari.

"Hapa usiingie."

"Hapa ndipo unapokuwa mbaya kuliko kote."

"Najua. Niache niheme." Alilisema haraka, kama mtu anayeng'oa bandeji. "Don Ercolino ana miaka sabini. Amemkimbiza msichana chumba kizima hadi dirishani. Nimewaimba wazee wa namna hii miaka arobaini, na siku zote wanamaliza kama farasi wa mashindano. Ni uongo. Mzee wa namna hiyo huhema. Waache wamcheke."

Ilenia alifikiri, kipande cha mkate kimesahaulika mkononi. "Nikinyamaza kabisa," alisema polepole, "kisha nikaingia na nota moja tu, ya juu, laini, kama ninayemuuliza: umemaliza?"

Marzadori akatoa sauti fupi puani. Mtu asiyemjua asingetambua kwamba ni kicheko.

Saa tisa walirudi jukwaani. "Nakshi zirudi," alimwambia Bossaglia.

"Lakini Maestro, asubuhi ulisema..."

"Asubuhi nilisema upuuzi. Unaweza kuiandika hiyo, huenda usiisikie tena." Kisha akageukia safu ya mbele ya okestra, akamwinamishia kichwa mpiga selo. Mwanamke yule hakuinamisha chake. Alikuwa na haki.

Wakaimba. Ukurasa wa tisini na tatu alichelewa kidogo, binti akamngoja bila kuonyesha anangoja. Pale mwishoni alihema mbele ya maikrofoni, waziwazi, mhemo mbaya wa kifua kibovu, na katika ukimya uliofuata akasikia mtu kwenye safu ya fidla akiuma mdomo asicheke. Ndipo nota ya Ilenia ikaja, moja, nyembamba, ikamuuliza alilomuuliza. Okestra ikapiga mdundo wa kumalizia. Bossaglia akaacha mikono yake angani.

Mdundo ukiisha, mtu haruhusiwi kupumua kwa sauti mpaka ukumbi wenyewe unyamaze. Mitambo bado inasikiliza. Marzadori alisimama amefunga kinywa, kifua kikimwaka, ncha za vidole zikifa ganzi. Muziki ulikuwa ukiondoka kipande kwa kipande: kwanza besi, kisha fidla, kisha sauti yake mwenyewe, aliyoitambua ilipokuwa ikipita. Ilibaki ile nota ya binti, juu kabisa, karibu na dari ya mbao, haijashuka. Alitamani hewa kuliko alivyowahi kutamani makofi. Akainua uso kuielekea, akaingoja imalize.