Jina Lililopanga Foleni

1.

TANGAZO

Wiki ya Uhamaji, Ukimbizi na Utambulisho. Siku ya tatu: MAKTABA YA WATU. Ukumbi wa Mihadhara B, kuanzia saa nne asubuhi.

Vitabu vyetu ni watu waliowahi kuwa wakimbizi. Msomaji atachagua kitabu kwenye orodha, atakaa nacho dakika ishirini, atauliza atakalo.

Masharti:
(a) Kitabu kisiguswe bila ruhusa.
(b) Kitabu kisikatizwe.
(c) Kila usomaji utarekodiwa. Nakala moja itabaki chuoni, ya pili itapelekwa kwa mamlaka husika.
(d) Kitabu kina haki ya kujifunga.

2.

Kitabu namba saba kilikuwa mama wa miaka hamsini na tisa, mwenye kitenge cha samawati na kandambili alizozisugua kwa jiwe asubuhi hiyo. Kifuani walimbandika karatasi: 7. VENERANDA HABONIMANA. MAKAZI YA NYAMUHANGA. RAIA WA TAJINISI.

Tumwite hivyo kwanza. Veneranda.

Basi la chuo lilimtoa Nyamuhanga alfajiri, na njia nzima alikuwa anayarudia majibu yake kama mtoto anayekwenda kipaimara. Alivuka mto na mama yake, Nasitazia. Walipewa kadi ya posho. Alikua, akaolewa, akaomba uraia, akapewa. Binti yake ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanawe ni askari magereza. Hapo alikuwa anatabasamu kidogo, halafu anasimama. Vyeti vya uraia vya watoto wale vilizaliwa na cheti chake. Cha mama kikifa, vya watoto vinakwenda nacho kaburini, na hilo alilijua vizuri kuliko lolote.

Wasomaji kumi na watatu walikaa mbele yake. Akawajibu wote.

3.

(Koridoni, wanafunzi wawili wakisubiri zamu)

— Umesoma kipi?
— Namba nne. Ananyamaza tu, mpaka unamwonea huruma.
— Na namba saba?
— Yule mama? Jalada limechakaa shoga yangu, lakini ndani kumepangwa. Kupita kiasi.
— Kivipi?
— Anasema "nilivyokuwa mtoto" kama anamsema mtoto wa jirani.

(bila namba)

Wewe unayesoma, usinitafutie namba. Nilikuwa nayo. Iko kifuani kwa mwingine.

Mimi ndiye Veneranda.

Tumbo liliniendesha siku tatu tangu tuvuke mto. Siku ya nne mama aliniita asubuhi, akanigusa, akanifunika khanga mpaka kichwani, akakaa kimya. Nje foleni ya posho ilikuwa inasogea.

Mimi nililala. Jina langu likaamka, likaenda kupanga foleni.

4.

Sasa sikiliza ilivyokuwa, maana kambini mambo haya yalifanyika kuliko yanavyosemwa.

Kadi ya Nasitazia ilikuwa ya vichwa viwili, yeye na binti yake. Ndani ya kibanda palikuwa na kichwa cha tatu, mtoto wa miaka sita aliyeokotwa kivukoni, mkono wake umeponyoka mkononi mwa kaka yake katikati ya watu. Huyo hakuwa na kadi. Mtoto aliyekufa bila kuripotiwa anaendelea kula. Mtoto aliye hai bila kadi hali.

Nasitazia hakuwa mtu mbaya. Alizika mtoto wake kwa jina la yatima, akamlisha yatima kwa jina la mtoto wake.

Akamshika mashavu yule yatima, akamwambia: kuanzia leo ukiitwa Kapitolina usiitike. Hata akuite nani.

DAFTARI LA VIFO, MAKAZI YA NYAMUHANGA
Na. 212
Jina: Kapitolina Ntirampeba
Umri: 6
Ndugu: hana

Hana.

5.

Karani wa kwanza wa kambi aliwahi kuuliza jina la ukoo. Wakamweleza kwamba kwao kila mtoto hupewa jina lake, ndugu wa tumbo moja hawafanani majina. Karani akacheka, akasema basi ninyi mkipotezana mmekwisha.

6.

Msomaji wa kumi na nne aliingia saa nane na nusu. Dkt. Tumpe, mwandaaji wa shughuli, alimleta mwenyewe, akasema mgeni ametoka mbali sana na ameomba namba saba kwa sababu ya neno Nyamuhanga. Kisha akawasha kinasa sauti, akatoka, akafunga mlango.

Alikuwa mzee mwenye koti zuri la baridi ya nchi za watu. Lakini nywele! Nyeupe, ndefu, zimefungwa kisogoni kwa kamba kama za mtu aliyekatazwa wembe. Na mkono wa kushoto hakuukunjua. Aliuweka juu ya paja, vidole vimejikunja nusu, vimeacha nafasi katikati.

Veneranda aliutazama ule mkono.

Nafasi ile ilikuwa ndogo. Ya mkono wa mtoto.

Chumba kikapoa, ingawa feni ilikuwa mbovu.

7.

KINASA SAUTI, USOMAJI WA 14
(ameandika: Anyesi, mwaka wa pili)

MSOMAJI: Naitwa Sirivesta, mama. Sina maswali mengi.

KITABU: Uliza tu, baba.

MSOMAJI: Mwaka ule nilifika mpaka langoni Nyamuhanga. Wakanisomea daftari. Wakanionyesha tuta lake kwa mbali, ndani sikuruhusiwa. Wakasema mdogo wangu alifia kibandani kwa mama mmoja Nasitazia, mwenye binti Veneranda. Binti ndiye wewe.

KITABU: (kiti kinasogezwa)

MSOMAJI: Alikufa vipi?

KITABU: Tumbo. Siku tatu.

MSOMAJI: Alinitaja?

KITABU: (kimya)

MSOMAJI: Kivukoni nilimshika. Nilihisi kitu kinaponyoka nikadhani ni maji.

KITABU: Ulikuwa mtoto na wewe.

MSOMAJI: Nilikuwa na kumi na moja. Umejuaje?

KITABU: Nimekisia.

7.

(namba hii inajirudia kwa sababu hapa utepe ulisimama wenyewe, kisha ukaendelea)

Mzee alimweleza alichokijia. Kwao, aliyekufa huitwa jina mara tatu mbele ya mtu aliyemwona akifa. Asipoitika, ndugu ananyoa nywele, anakunjua mkono, anamwacha aende. Miaka hamsini na mitatu hakunyoa, maana hakuwa na shahidi. Akaomba radhi kwa kumsumbua. Akasema moyo wake umechoka, daktari amemkataza safari nyingine. Akatoa mfukoni wembe mpya, bado uko kwenye karatasi yake, akauweka mezani kati yao.

Veneranda alitazama wembe. Akatazama kitaa chekundu cha kinasa sauti. Akamwona binti yake ubaoni na chaki mkononi, mwanawe na kofia yake ya kazi, na bwana mmoja asiyemjua akifungua faili. Akisema, anawafuta wale wawili. Akinyamaza, Kapitolina atakuwa amekufa kweli, na muuaji ni yeye.

Akaangalia mlango. Kulikuwa na masharti manne ukutani. La nne alilisoma polepole, herufi kwa herufi.

Kujifunga.

Akafumba mdomo.

8.

MSOMAJI: Kapitolina.

(kimya, sekunde tisa)

MSOMAJI: Kapitolina.

(kimya. Kitu kama kandambili kikiburuzwa sakafuni)

(bila namba)

Ananiita.

Hajui kwamba ni mimi. Nimelala chini ya jina hilo tangu siku ile, mvua zote. Hakuna aliyewahi kuja kuliita. Nasitazia alikuwa anapita pembeni ya tuta bila kugeuka, asije akaniita lile lingine watu wakasikia.

Wewe unayesoma. Ungekaa kimya?

8.

MSOMAJI: Kapitolina we.

9.

MAKTABA YA WATU: VITABU VILIVYOREJESHWA

1. kimerudi
2. kimerudi
3. kimerudi
4. kimerudi (apewe maji)
5. kimerudi
6. kimerudi
7. kimeazimwa. Tarehe ya kurudisha:

10.

Dkt. Tumpe, shikamoo.

Nimemaliza kuandika usomaji wa 14, isipokuwa mwisho. Nimesikiliza mara tano. Baada ya kuitwa mara ya tatu kuna "Abee" ya yule mama, imetoka kama mtu anayetapika. Halafu kiti kinaanguka, na mzee analia, anasema "mkono, nipe mkono." Hapo naelewa.

Lakini kabla ya ile "Abee" kuna nyingine. Ndogo. Karibu sana na kinasa sauti.

Niliporudi kuchukua vifaa wote wawili walikuwa wameshaondoka. Wembe uko mezani, haujafunguliwa. Ile karatasi ya VENERANDA HABONIMANA niliikuta kitini, imenyooshwa vizuri, na kiti kilikuwa na joto.

Nakala ya mamlaka iko tayari kwenye bahasha. Dereva anakuja kuichukua saa kumi na moja. Nimeishika mkononi, sijui kwa nini siiachii.

Niambie kwanza. Mle ndani mlikuwa na mtoto?