Kilichochorwa Nyuma ya Mwerezi

Afande aliposema "lifungue," nilikuwa nimeshika ufagio, na nikajikuta nafagia mahali palepale mara ya nne.

Sanduku lilikuwa juu ya benchi ya mjomba. La kuhifadhia sigara, zile nene zinazoviringishwa majani matupu, ambazo Afande, mkubwa wa polisi mtaani kwetu, huvuta barazani kwake kila jioni huku mtaa mzima ukipita upande wa pili wa barabara. Wiki tano tulilihangaikia. Nje mkangazi, ndani mwerezi. Msumari hata mmoja hamna: kwenye pembe meno ya mbao yameng'atana kama mawifi. Na ile bitana ya mwerezi, ubao mwembamba wa ndani, haipakwi gundi, maana sigara hunyonya kila harufu. Inabanwa tu. Unausukuma ubao kwa kiganja mpaka unalia kidogo, basi, umekaa. Ikibana sawasawa, ukingo wake unaushika mfuniko, na ukiuachia haugongi. Unashuka polepole unatoa pumzi, fyuuu, na unyevu unabaki ndani.

Karakana yetu ina desturi moja. Kabla ya kuingiza bitana, fundi anaandika neno kwa penseli kwenye ukuta wa sanduku utakaofichwa. Mjomba huandika dua, siku akichoka anaandika tarehe. Halionekani tena milele. Safari hii akaniambia, "Haya Profesa, andika wewe." Ananiita Profesa kwa sababu niliacha chuo mwaka wa tatu, na bado hajanisamehe.

Sikuandika. Nilichora. Afande mwenyewe, tumbo kama pipa, masharubu yameshika moto wa sigara, anakimbilia ndoo ya maji. Chini yake: "Hapa imehifadhiwa mikwara." Nikabana bitana juu yake, nikacheka peke yangu mpaka nikapaliwa.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Fundi viatu jirani yetu alimcheka Afande siku ile alipoteleza kwenye tope. Alicheka kwa pua tu, hata meno hakuonyesha. Siku tatu baadaye kibanda chake kikavunjwa, eti kimeingia barabarani. Sasa karakana ya mjomba imeingia barabarani kuliko kile kibanda. Nguzo ya mlango iko kwenye lami kabisa. Na mjomba hana pengine pa kwenda. Amesimama kwenye benchi ile miaka thelathini.

Halafu Afande alitakiwa aje kesho. Kaja leo.

Mjomba alifungua. Afande akauinua mfuniko kwa kidole kimoja, akauachia.

Paa!

Ufagio ulinitoka mkononi. Juzi niliujaribu mwenyewe, ukashuka kama mgonjwa anayelazwa kitandani. Leo umegonga kama mlango wa choo.

"Mbona unagonga?" Afande huwa hapazi sauti. Bora angepaza.

Afande akaufungua tena, akaingiza ukucha pembeni mwa bitana ya mbele, akavuta. Ikatoka kama jino la mtoto. Nikafumba macho.

"Kuna maandishi huku," akasema.

Nilianza kuiona karakana bila paa.

"'Kazi ya mpwa wangu.'"

Nikafumbua jicho moja. Ukuta ulikuwa mtupu, umekwanguliwa upya. Hakuna tumbo, hakuna ndoo. Kuna mwandiko wa mjomba tu, uleule unaolala upande. Alikuwa ameichomoa bitana, akaona, akakwangua. Na mimi penseli huwa naikandamiza, kwa hiyo alikwangua sana. Unene wa karatasi mbili tu, lakini karatasi mbili zinatosha bitana isibane tena. Bila shaka alipanga kukata nyingine leo.

"Mpwa ndiye huyu?"

"Ndiye, Mkubwa. Ila ukuta nimeukwangua mimi, jana. Kosa langu."

"Ulikuwa unakwangua nini?"

Mjomba akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Macho, Mkubwa. Siku hizi macho yangu..."

Macho gani? Yale yanayoona ufa wa unywele kutoka mlangoni? Fundi akisema hivyo mbele ya mteja amejifungia kazi kwa mdomo wake mwenyewe.

"Mimi," nikasema. Sauti ilitoka kama ya kuku aliyekanyagwa. "Nilikuchora, Afande. Mjomba amefuta."

"Ulinichoraje?"

"Vibaya."

Akachomoa penseli iliyokuwa sikioni kwa mjomba, akaninyooshea. "Chora tena. Hapohapo."

Nilianza na kichwa, ncha ikakatika. Mjomba akaichukua, akaichonga kwa patasi bila kuniangalia, akanirudishia. Nikachora. Mkono ulikuwa unatetemeka hivi kwamba masharubu yalijichora yenyewe. Afande akainama, harufu ya sigara inamtoka kwenye koti.

"Huyu nani?"

"Ni... ni wewe, Afande."

"Huyu amekonda. Tumbo langu liko wapi?"

Hakuwa anacheka. Nilimtazama vizuri, nakuapia, hakuwa anacheka.

"Nisipokuwepo nina tumbo, nikiwepo sina," akasema. Akarudisha ubao wa bitana juu ya benchi taratibu. "Ijumaa. Mfuniko ukigonga tena, nitajua kazi ya mpwa ndiyo hiyo."

Akatoka. Mlangoni alisimama, akaipiga ile nguzo kwa fimbo yake mara mbili, ko, ko, akaenda zake.

Nikakimbilia randa. Mjomba akanipokonya.

"Kaa kwanza. Mwerezi umebaki kipande kimoja, na mkono huo utakipasua."

Nikakaa juu ya viganja vyangu. Mjomba alinipa mgongo. Baada ya muda nikaona mabega yake yanatikisika, nikajua nimemliza mtu mzima.

"Mjomba, nisamehe."

"Yale masharubu," akasema, pumzi zikimkatika, "yale ya kwanza, ulikuwa umeyapatia, mshenzi wewe."

Mimi kicheko hakikuja. Siku tatu nilipiga randa ubao ule wa mwisho, nikiujaribu, nikiutoa, nikipunguza kidogo kuliko vumbi. Ukutani nilimwacha yule Afande aliyekonda, kwa sababu ningeukwangua tena ukuta, ubao ule usingetosha kubana.

Ijumaa akaja. Akauinua mfuniko kwa kidole, akauachia. Nilihesabu. Kwenye sita nilikuwa sipumui. Tisa. Fyuuu.

Akalitia sanduku kwapani bila asante, akapita mlangoni. Nguzo hakuigusa.