Abiria wa Kujaza Gari

"Hii imejaa, mama, ingia twende," Kimanzi, makanga wa gari hilo, alimwambia mwanamke aliyekuwa akisitasita mlangoni. Nsimire, aliyeketi karibu na mlango huohuo, alitamani kuziba masikio.

Imejaa nini? Katika gari zima la kwenda mjini abiria wa kweli walikuwa watatu tu, na yeye alikuwa mmoja wao. Wale wengine aliwajua kama anavyowajua majirani zake wa ploti. Mzee Githinji, nyuma ya dereva, alikuwa ameshika gazeti la juzi. Yule dada wa dirishani alikuwa akitazama saa na kufyonza, eti anachelewa kazini, na kazi yenyewe ndiyo hiyo ya kufyonza. Makanga waliwalipa wakae garini hapa steji ya Pipeline, ili mpita njia aone vichwa madirishani na adhani gari liko karibu kuondoka. Akija mteja, Kimanzi hugonga paa mara mbili, na mmoja wao hushuka kimyakimya kumpisha. Gari likijaa watu wa kweli, wao huhamia linalofuata.

Nsimire alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu mwaka juzi, na aliiweza. Alitoka Bukavu na mkoba mmoja, akazunguka Nairobi akitafuta kibarua hadi viatu vikaisha soli. Kila alipofungua mdomo watu waliusikia ugeni wake kabla ya kuisikia shida yake. Kimanzi ndiye pekee aliyefurahi kumwona. "Wakongo mnajua kuvaa," alisema. "Ukikaa hapo kwa dirisha, hata mimi nadhani unaenda ofisi." Basi akawa anapanda magari kutwa nzima, na jioni anarudi chumbani kwake kwa miguu, kwa sababu hakuwa ameenda popote.

Leo alikuwa anakwenda. Mama yake, ambaye hakuwa amemwona tangu siku waliyopotezana vitani, alikuwa ndani ya basi lililotoka Kampala, akihamia Dar es Salaam pamoja na Murhula, kaka yake Nsimire. Basi lingepumzika mjini asubuhi hii na kuondoka saa sita. Mama alikuwa amezeeka, na safari kama ile mtu haifanyi mara mbili. Nsimire alivaa kitenge chake cha kanisani, akamlipa Kimanzi nauli hata kabla ya kuketi.

"Kumbe leo we ni kastoma?" Kimanzi alicheka.

"Leo niko abiria. Naenda kuona mama yangu."

"Sawa, madam. Leo hushuki."

Hayo yalisemwa mapema, na gari bado lilikuwa palepale. Simu ikalia.

"Uko wapi?" Murhula aliuliza. "Mama iko anauliza weye tu."

"Niko ndani ya gari."

Mwanamke wa mlangoni alikuwa amekwisha kuingia na kuketi kando yake. Alishusha pumzi. "Afadhali imejaa," alisema. "Mimi kungoja hunimaliza."

Nsimire angemwambia nini? Angeutoboa ukweli, angemwaga unga wake na wa wenzake wote. Hasira ilimpanda, na kibaya zaidi hakuwa na wa kumkasirikia. Siku nyingine yeye ndiye angekuwa pale dirishani, anafyonza vizuri kuliko yule. Mganga hajigangi, na leo alikuwa ameketi katikati ya dawa yake mwenyewe.

Haba na haba hujaza kibaba, na hiki kilijaa kwa kuchelewa kwelikweli. Akaingia fundi na msumeno wake, paa likagongwa, mmoja akashuka. Wakaingia wasichana wawili wa saluni. Dada wa kufyonza alijifanya amesahau kitu nyumbani, akashuka. Mwishowe akabaki Githinji peke yake.

Nsimire hakuwa akiwatazama tena. Alikuwa anafikiria macho ya mama yake. Murhula alisema yameingia ukungu. Je, atamjua? Au atamshika uso kwanza kwa vidole, kama anavyopima mihogo sokoni? Nje, mzee mmoja aliyebeba katoni ya vifaranga alikuwa anakuja mbio, mkewe nyuma yake.

Paa likagongwa mara mbili.

Miguu ya Nsimire ilishuka. Alisimama mahali pake pa kila siku, kando ya muuza mayai, mkoba kwapani, uso umetulia kama kazi inavyotaka. Githinji naye alishuka nyuma yake. Nafasi zikawa mbili badala ya moja, mzee na mkewe wakaingia wote, na Kimanzi, aliyefurahia bahati hiyo bila kuuliza ilikotoka, akamwinulia Nsimire kidole gumba. Mlango ukafungwa. Gari likaondoka.

Lilikuwa limefika kona ndipo Nsimire aliposhika kifua chake.

"Si leo ulikuwa unasafiri?" Githinji aliuliza taratibu, akikunja gazeti.

"Umeniona nikishuka na ukanyamaza, mzee?"

"Nilidhani ni kazi."

Alitaka kulia, akataka pia kumpiga mtu, na mtu aliyestahili kupigwa alikuwa yeye mwenyewe. Nauli ilikuwa imekwenda na Kimanzi, na pikipiki ilitaka pesa asizokuwa nazo. Alibaki na nauli ya kurudia tu. Akaitoa na kuingia gari lililofuata, tupu, akaenda kuketi nyuma kabisa, mbali na mlango. Githinji akaingia na gazeti lake. Dada wa dirishani akaingia, akaanza kufyonza.

Simu ikalia tena. Safari hii ilikuwa sauti ya mama yake, nyembamba, na nyuma yake honi ya basi.

"Mwanangu, uko ndani ya gari?"

"Niko ndani, Mama."

"Basi letu linataka kwenda. Gari yako inatoka saa ngapi?"

Nsimire alitazama viti vitupu, na kisogo cha Githinji.

"Imejaa, Mama," alisema kwa sauti tulivu, ileile anayolipwa kuitoa. "Tunatoka sasa hivi."

"Basi vizuri. Mimi nimesimama mlangoni hapa. Hawawezi kufunga nikiwa nimesimama. Wanasema nikae, nimekataa."

Kisha zikasikika sauti za watu wakigombana, na simu ikakatika.

Mwanamume mwenye begi mgongoni alichungulia ndani, akahesabu vichwa kwa macho, akaridhika. Paa likagongwa mara mbili. Githinji alikunja gazeti, akainuka. Nsimire alishika chuma cha kiti kilicho mbele yake kwa mikono yote miwili, akakaza miguu sakafuni, akangoja mwingine aingie.