Wastani wa Nassib

Nassib, mshambuliaji wa timu ya Lipangalala, alituchosha na hesabu zake. Kila tukikaa kibandani kunywa chai, anatangaza kwamba anafunga wastani wa mabao mawili kwa mechi, wakati washambuliaji wengine wa ligi yetu hawafikishi hata moja. Mimi, kipa wa timu ya Mkula, uvumilivu ukanishinda.

"Mabao hayo ulifunga lini?"

"Mpunga ulipokuwa unaiva."

"Na sisi makipa tulikuwa wapi?"

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Nani asiyejua kwamba msimu ule kipa, kwa mkono wake wa kurusha mbali, ndiye anayepelekwa shambani kufukuza ndege kwa mawe, na golini anasimama yeyote aliyepatikana?

"Tangu tumalize kuvuna, umenifunga mangapi?"

"Bado," akasema.

"Basi kiatu cha dhahabu wapewe ndege!"