Chumba Kisichokuwamo Kwenye Ramani

Fundi alikuwa akipinda sketi ya kumi na moja ya sare za shule mthamini wa benki alipobisha hodi. Akaruka kama mtu aliyefumaniwa. Akatupia jicho ukutani kwa mara ya mwisho: vitambaa viwili vya bluu vilining'inia kutoka darini hadi sakafuni, vikiuficha mlango wa chumba cha mama mkwe.

"Mama, usitoke," alinong'ona. "Nusu saa tu."

"Hata kukohoa?"

"Kohoa polepole."

Chumba hicho walikiongeza miaka minne nyuma, mama alipofiwa na mumewe. Kibali waliomba wakaambiwa njoo kesho, njoo kesho, hadi mume wa fundi akachoka na kujenga tu. Sasa benki ilikuwa imepandisha riba mara mbili, na marejesho ya mkopo wa nyumba yalimeza karibu mshahara wote wa mume, dereva wa lori. Benki hiyohiyo ikawaletea dawa: mkopo mpya wa kuufuta ule wa zamani. Kila mwezi wangelipa pungufu kwa theluthi, ila badala ya miaka sita iliyobaki, wangelipa kumi na mitano. Mume alikuwa amekwishasaini kabla ya safari. Ilibaki saini ya fundi, na ofa ilikuwa inaisha siku hiyo.

Mthamini alipima sebule, akagonga kuta, akachungulia jikoni.

"Vyumba viwili, jiko, choo. Kama ramani."

Fundi akaanza kupumua. Hapo kitambaa kikafunguka, mama mkwe akatokea na gauni lake la kutokea, mafuta yakimng'aa usoni.

"Baba, mgeni gani haonyeshwi nyumba yote? Njoo uone chumba alichonijengea mwanangu. Na mapazia kashona mkwe wangu huyu!"

Mthamini akaitazama ramani. "Mama, chumba hiki hakimo."

"Hakimo vipi, na mimi nalala humo?"

Saa nane mchana fundi alikuwa benki, mbele ya afisa mikopo.

"Wala usihangaike, dada. Saini hapa, na hapa unakubali kukibomoa ndani ya siku thelathini. Benki haikopeshi kwa dhamana ya nyumba isiyofanana na ramani yake."

"Mbona mkopo wa zamani mnaendelea kutukata, na chumba kipo?"

"Ule hauulizi."

Fundi akasimama, akaenda dirishani, akampigia mumewe. Lori lilinguruma masikioni.

"Mama watoto, saini tu. Mama tutamhamishia sebuleni."

"Sebuleni ndiko kwenye cherehani."

"Itoke nje."

"Mvua ikinyesha nishone maji?"

"Unadhani mimi napenda? Ni mama yangu yule!"

"Ungemwona alivyompokea yule mtu. Alijipaka mafuta."

"Basi fanya unavyoona," akasema mume, na simu ikakatika.

Fundi akarudi mezani. Akaishika kalamu, akaiweka, akaishika tena. Theluthi ile ilikuwa ada ya watoto. Ilikuwa pia deni hadi atimize miaka sitini.

"Sisaini," akasema, kwa sauti ndogo kiasi kwamba ilibidi arudie.

"Ada ya uthamini hairudishwi."

"Najua."

"Na ripoti imeshaingia kwenye mfumo, dada. Inakwenda ofisi ya vibali vya ujenzi."

"Hata nisiposaini?"

"Hata usiposaini." Afisa alikuwa tayari anamwita mteja mwingine.

Alirudi kwa miguu, haraka, kama anayefukuzwa. Mama mkwe alikuwa amekaa kitandani kwake, mlango wazi, bado hajalivua gauni.

"Mwanangu, yule kijana aliondoka bila kuniambia. Alikipenda chumba?"

Fundi akaketi kando yake, akaushika mkono wake.

"Alikipenda, mama. Amekiandika chote, urefu na upana."

"Nilijua tu," mama akasema.